Simu haichaji: imeshindwa au imekataa?

Mtu akisema simu yake haichaji, huenda ana maana yoyote kati ya tano. Kuna iliyozima kabisa, unaichomeka na haionyeshi hata alama ya betri. Kuna inayoonyesha kwamba inachaji, lakini asilimia ziko palepale saa nzima. Kuna inayokubali ukiukunja waya kwa upande na kuubana na kitu, ukigusa tu inakata. Kuna inayopanda vizuri hadi 80 kisha inagoma. Na kuna ile inayojaa haraka ajabu, ukiichomoa imeshuka nusu kabla hujamaliza kuongea. Wenye simu hizi wote hufika kwa fundi na sentensi moja tu, na fundi asiyeuliza maswali anaweza kuwabadilishia wote tundu la chaji. Mmoja atapona. Waliobaki watakuwa wamelipia kitu kilichokuwa kizima.

Kabla ya kufungua simu yoyote kuna swali la kujiuliza: je, simu imeshindwa kuchaji, au imekataa? Simu iliyoshindwa ina njia ya umeme iliyokatika au kuziba mahali fulani. Simu iliyokataa ina njia nzima, ila chipu iliyo ndani imepima hali ya mambo na kuamua kwamba kwa sasa haipokei, au inapokea kidogo. Matengenezo ya ile ya kwanza hayaisaidii hii ya pili.

Anayeamua yuko ndani ya simu

Kile kidude tunachochomeka ukutani, yaani adapta, kina kazi moja: kupokea umeme mkali wa nyumbani, wa volti 100 hadi 240 kutegemea nchi, na kuushusha uwe wa volti 5 hivi, wenye mwelekeo mmoja. Kazi yenyewe ya kuchaji inafanyika ndani ya simu. Kuna chipu inayokaa kati ya tundu na betri, na hiyo ndiyo inayopima volti inayoingia, volti iliyoko kwenye betri na joto la betri, kisha inaamua ivute umeme kiasi gani. Adapta iliyoandikwa ampea 3 (ampea ni kipimo cha mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita) haisukumi ampea 3 kwenye simu. Inasema tu kwamba ikiombwa inaweza kutoa hadi hapo. Kwa hiyo ile hofu kwamba adapta kubwa itaunguza simu ndogo haina msingi, mradi adapta yenyewe ni halali.

Betri ya lithiamu ina mipaka mikali. Nyingi huhesabiwa zimejaa zikifika volti 4.2, na za miaka ya karibuni hupelekwa mbele kidogo, karibu na 4.4. Zikishuka chini ya volti 3 huhesabiwa zimekwisha. Kati ya mipaka hiyo miwili chipu haifuati mwendo mmoja. Betri ikiwa tupu sana, huanza kwa kuidondoshea umeme kidogo kidogo hadi iamke. Ikishaamka, humiminiwa kwa kasi yote. Ikikaribia kujaa, chipu hushikilia volti isizidi kikomo, na mkondo huanza kupungua wenyewe. Ni kama abiria wanaopanda basi: wa kwanza hukaa popote na mambo huenda chapuchapu, wa mwisho hubaki wakitafuta siti moja moja. Ndiyo maana kutoka 20 hadi 60 ni muda mfupi, na kutoka 90 hadi 100 unaweza kudhani simu imeharibika.

Ukilielewa hilo, malalamiko kadhaa yanajibika bila bisibisi.

Simu iliyokaa siku nyingi ikiwa imezima, ukiichomeka isionyeshe chochote, usiikatie tamaa baada ya dakika mbili. Huenda iko kwenye hatua ya kudondoshewa, na skrini haina hata umeme wa kuchora alama ya betri. Iache kwenye adapta nzuri nusu saa, isiguswe. Wengi huichomoa na kuichomeka tena kila baada ya sekunde kadhaa, na kila wakifanya hivyo wanaikatiza.

Simu inayosimama kwenye 80, nenda kwenye mipangilio ya betri kabla ya kwenda kokote. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 iPhone zina mpango wa kusimama hapo na kusubiri saa ambazo mwenyewe kwa kawaida huichomoa, na simu nyingi za Android nazo zina kikomo kama hicho unachoweza kukiwasha au kukizima. Kimewekwa makusudi, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka haraka inapokaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni.

Kisha joto. Betri hizi kwa jumla hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto chini ya nyuzi 0 za Selsiasi au juu ya nyuzi 45 hivi. Kwenye baridi kali, lithiamu badala ya kuingia ndani ya kaboni iliyo upande mmoja wa betri hujipaka juu yake kama chuma, na chuma hicho hakirudi tena kazini. Kikikua, kinaweza hata kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri. Kwenye joto kali, kemikali za ndani huanza kuchakaa upesi. Basi simu iliyokuwa nyuma ya kioo cha gari juani, au iliyo ndani ya kava nene huku mtu anacheza gemu na kuchaji kwa pamoja, itapunguza kasi au itasimama kabisa. Ivue kava, iweke kivulini, iache ipoe yenyewe. Wako wanaoiingiza kwenye friji. Unyevu utakaoganda ndani ukitoka nayo utakuletea tatizo jipya juu ya lile ulilokuwa nalo.

Habari ya joto ina upande wa pili ambao hata mafundi huusahau. Betri ya simu huwa na pini zaidi ya mbili. Mbali na chanya na hasi, mara nyingi ipo ya kihisi joto. Betri ikibadilishwa na kuwekwa ya bei rahisi ambayo kihisi chake hakisomeki vizuri, au kiunganishi hakikubanwa sawasawa, chipu inasoma joto lisilowezekana na inakataa kupokea chochote. Simu inawaka vizuri, betri ni mpya, tundu ni safi, na chaji haiingii. Ikiwa tatizo lako lilianza siku ile ile uliyobadilisha betri, usimruhusu mtu kugusa tundu kabla hajaikagua betri hiyo.

Waya, mtuhumiwa wa kwanza

Nje ya simu, ningeanza na waya kila mara. Ndio unaokunjwa, unaovutwa, unaokanyagwa na mguu wa kiti, na bado watu huuamini kwa sababu tu alama ya kuchaji imetokea.

Tufanye hesabu ndogo. Adapta inatoa volti 5. Waya wako umechakaa, nyuzi zake za shaba zimekatika moja moja pale shingoni, na ukinzani wake, yaani unavyouzuia umeme kupita, umefika nusu omu. Simu ikitaka kuvuta ampea 2, volti 1 nzima inapotelea njiani ikigeuka joto. Zinazofika kwenye tundu ni volti 4, pungufu ya zile 4.2 zinazohitajika kuijaza betri. Chipu ikiona hivyo inarudi nyuma: inapunguza mkondo hadi volti ipande tena. Ikitulia kwenye nusu ampea, inayopotea ni robo volti, na simu inapokea takriban wati 2.4. Sasa betri ya miliampea-saa 5,000 yenye volti 3.85 inabeba karibu wati-saa 19. Gawanya: saa nane, na hapo simu iwe imelala tu. Ukiwasha skrini, ramani na intaneti kwa pamoja, matumizi yanazidi kinachoingia. Ndipo mtu anapokuapia kwamba simu yake inachaji huku asilimia zinashuka, nawe ukimwona mwongo utakuwa umemwonea.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Hizi za data zina kazi hata wakati wa kuchaji. Simu huzitumia kutambua imechomekwa wapi, kwenye kompyuta au kwenye adapta ya ukutani. Tundu la USB 2.0 la kompyuta limepangiwa kutoa ampea 0.5 tu, na simu isiyoweza kutambua iko wapi mara nyingi hujizuia kwenye kiasi hicho hicho kwa usalama. Kwa hiyo waya ambao nyuzi zake za data zimekatika utachaji, ila kwa kujikokota. Ichomeke simu kwenye kompyuta kwa waya huo. Kama kompyuta haioni kitu, na waya si wa aina ile inayouzwa kwa kuchajia tu, umempata mhalifu.

Kuhusu kuchaji haraka, watu wengi hudhani ni suala la namba iliyo juu ya adapta. Kumbe ni makubaliano. Simu na adapta huongea kwanza, zikielewana volti hupandishwa au mkondo huongezwa. Zisipoelewana zinarudi kwenye volti 5 za kawaida. Na lugha ziko nyingi. Ule mfumo wa pamoja wa USB-C unatumia ngazi za volti 5, 9, 15 na 20. Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, wana wao. VOOC, mfumo wa kampuni ya simu ya Oppo uliotoka mwaka 2014, ulichagua njia tofauti: volti ibaki chini, mkondo uwe mkubwa, na kwa sababu hiyo ukadai waya wake maalumu. Matokeo yake ni kwamba adapta ya laptopu ya wati 65 inaweza kuichaji simu yako polepole kuliko kile kiadapta kidogo kilichokuja nayo kwenye boksi, na hakuna kilichoharibika.

Adapta yenyewe huharibika mara chache kuliko waya, ila ikiwa mbovu huwa mbovu kwa namna ya hatari zaidi. Dalili moja ya adapta duni ni skrini kurukaruka: simu ikiwa kwenye chaji inajibonyeza yenyewe au haisikii kidole, ukiichomoa inatulia. Huo ni umeme mchafu ambao adapta imeshindwa kuuchuja, unaovuruga vihisi vya mguso. Kioo hakina kosa, na nimesikia za waliobadilishiwa kioo kwa ajili hiyo. Ndani ya adapta nzuri kuna nafasi na kizuizi kati ya upande wa umeme mkali na upande unaougusa wewe. Kwenye za kuiga, nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kubaniwa. Kama kuna mahali pa kutofanya ubahili, ni hapo.

Ndani ya tundu

Zima simu. Chukua tochi, ile ya simu nyingine inatosha, na uchungulie kwa pembe. Kwenye USB-C utaona kiulimi chembamba katikati, chenye mistari ya dhahabu juu na chini, na nafasi pande zote mbili. Angalia ukuta wa nyuma kabisa. Kwenye simu inayoishi mfukoni, pale nyuma hujaa nyuzinyuzi za nguo na vumbi. Kila unapochomeka chaja, kichwa chake hushindilia uchafu huo, hadi unakuwa kigodoro kigumu cha rangi ya kijivu ambacho kwa haraka haraka unaweza kudhani ni sehemu ya simu.

Kipimo chake ni rahisi. Kichwa kizima cha chaja kikiingia vizuri hukaza kwa kamlio kadogo, na bega lake hugusa au hukaribia kabisa mwili wa simu. Ukiona kimebaki nje kidogo, hata milimita moja, na kinatikisika, usikimbilie kusema tundu limelegea. Kilichozuia ni uchafu: kile kichwa hakifiki kwenye vibanio vyake, na pini zinagusana nusu nusu. Hii ndiyo ile simu inayochaji ukiukunja waya.

Kuutoa kunataka uvumilivu kuliko nguvu. Chonga kijiti cha mbao cha kuchokolea meno kiwe bapa na chembamba, kipitishe kwenye ile nafasi kati ya kiulimi na ukuta, fika nyuma, kisha kokota kuelekea nje. Usiegemee kiulimi. Rudia. Kwanza hutoka vumbi laini, halafu ghafla kinakuja kipande kizima kilichogandamana, na hapo huwa unashangaa kilikaaje mle. Kwenye iPhone za kabla ya mwaka 2023, zenye tundu la Lightning, hakuna kiulimi. Ni kishimo kitupu chenye pini upande mmoja, na uchafu hukaa chini kabisa. Yale matundu ya zamani ya micro-USB yana tatizo la ziada: vijino viwili vinavyoshika huisha, na safari hiyo ulegevu ni wa kweli, ingawa mara nyingi vijino hivyo viko kwenye waya, kwa hiyo waya mpya huweza kuumaliza.

Sindano, pini na ncha ya kisu viache. Chuma kinaweza kuunganisha pini mbili zisizotakiwa kukutana, na pia hukwangua ule mpako wa dhahabu unaozuia kutu. Kupuliza kwa mdomo nako hakufai: unapuliza mate.

Ukiona rangi ya kijani au weusi kwenye pini, huo si uchafu wa mfukoni. Ni shaba iliyoliwa. Maji, jasho hasa kwa sababu ya chumvi yake, yakikutana na pini zenye umeme, chuma huanza kuhama kutoka pini moja na kuacha masalia hayo. Brashi laini yenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi huondoa kiasi, kisha iache ikauke kabisa. Lakini pini iliyokwisha kuliwa hairudi.

Hapo ndipo lile onyo la maji linapopata maana. Simu nyingi za sasa zikihisi unyevu kwenye tundu hutoa tahadhari na kukataa kuchaji, na watu huona kero wakalazimisha. Kulazimisha ni kuanzisha ule ulaji wa pini niliousema. Apple wameandika waziwazi wasifanye nini wateja wao: wasiiweke simu kwenye gunia la mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu simu. Wanachoshauri ni kuigongesha taratibu mkononi tundu likitazama chini, kuiacha sehemu yenye hewa, kusubiri angalau dakika 30, na kukubali kwamba kukauka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 24. Aliye na chaja isiyo ya waya anaweza kuitumia wakati huo, akishaufuta mgongo wa simu. Kama onyo linabaki siku mbili tatu na tundu ni kavu, basi kuna uchafu au kutu inayodanganya kihisi.

USB-C ina dalili moja ya kipekee. Kichwa chake huingia upande wowote, kwa sababu pini zake 24 zimepangwa mara mbili. Simu ikichaji ukichomeka upande mmoja na kukataa ukigeuza, baadhi ya pini za upande mmoja zimekufa au zimefunikwa, na shida iko kwenye tundu au kwenye kichwa cha waya. Jaribu waya mwingine ujue ni kipi. Na ikikubali waya wenye kichwa cha zamani cha mstatili upande wa adapta, lakini ikakataa waya wenye USB-C pande zote mbili, tazama pini za mawasiliano: adapta ya USB-C haifungulii umeme kabla haijahisi kwamba kuna kifaa upande wa pili, ilhali ile ya zamani huachia volti 5 muda wote bila kuuliza.

Kumtenga mbaya wako

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Waya wa mwingine kwenye adapta yako. Adapta ya mwingine kwa waya wako. Kisha kinyume chake: simu nyingine kwenye waya na adapta yako. Ukibadilisha vyote kwa mpigo na ikakubali, hujajua kitu. Na ujaribu pia simu ikiwa imezimwa. Ikichaji vizuri imezimwa na kwa shida ikiwa imewaka, umeme unafika. Kuna programu inayokula. Kuizima na kuiwasha upya kuna thamani hapa, maana mara mojamoja mfumo hukwama na kuonyesha asilimia za jana.

Kwa simu inayokubali chaji isiyo ya waya, una njia ya mkato. Umeme huo hupita kwenye koili ya mgongoni na kuliruka tundu. Ikichaji mgongoni na kukataa waya, betri ni nzima, shughuli iko kwenye tundu au njia yake. Ikikataa kote kuwili, tazama betri au chipu.

Anayependa mambo haya anunue mita ndogo ya USB inayokaa kati ya adapta na waya. Inaonyesha volti na ampea papo hapo. Ikisoma volti 5 na ampea 0.00 wakati betri haijajaa, simu haivuti kitu: ama njia imekatika, ama chipu imekataa. Ikisoma ampea 1.5 thabiti na asilimia hazipandi saa nzima, umeme unaingia na unapotea, kwa hiyo macho yahamie kwenye betri au kwenye bodi (ule ubao wa saketi ndani ya simu) inayovuja. Namba ikipanda na kushuka ukigusa waya, mguso mbovu. Zipo pia programu za Android zinazoonyesha mkondo, ila zinategemea simu yenyewe inavyojipima.

Betri iliyochoka

Asilimia unazoziona ni makadirio. Ndani kuna kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, kikilinganisha na volti. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda, na makadirio huharibika. Ukichaji, volti inagota 4.2 mapema, simu inadhani imejaa. Ukiitumia, volti inaporomoka ghafla na simu inazima ikiwa na 20. Ndiyo ile simu inayojaa haraka ajabu. Waya mpya hauisaidii. Apple huziandikia iPhone za kabla ya iPhone 15 kwamba betri imetengenezwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000, ambapo mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Ushauri wa kuimaliza betri mpaka izime kabla ya kuchaji ulitoka enzi za betri za nikeli. Lithiamu haiutaki.

Betri iliyovimba ni habari nyingine kabisa. Mgongo umeinuka, skrini imeachia ukingoni, simu inayumba ukiiweka juu ya meza: ni gesi imejaa ndani. Usiichaji tena hata kwa kupiga simu moja ya mwisho, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umpelekee fundi aitoe. Mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 na kuacha kabisa kuzitengeneza baada ya betri zake kuwaka moto, na hizo zilikuwa mpya, za kampuni kubwa. Betri iliyokwisha kuvimba haipewi nafasi ya pili.

Ukifika kwa fundi

Usiseme haichaji. Mwambie inafanya nini: inasoma ampea ngapi, ilianza lini, inakubali upande upi, ulibadilisha nini kabla. Kisha muulize tundu la simu yako liko wapi. Kwenye simu nyingi za Android limewekwa juu ya bodi ndogo ya chini, tuiite kibodi, iliyounganishwa kwa utepe na bodi kuu. Hicho hubadilishwa chote kwa skrubu chache, bila kulehemu. Kwenye nyingine tundu limelehemewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na kulitoa kunataka mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea, maana lehemu ya vipande vya jirani huweza kuyeyuka navyo vikahama. Kazi hizi mbili haziwezi kuwa na gharama moja wala hatari moja.

Kama tundu ni jipya, betri ni mpya na mita bado inasoma sifuri, imebaki chipu ya chaji au vipande vinavyoilinda. Ni kazi ya hadubini, na kwa simu ya zamani mara nyingi hailipi. Nakili picha na namba zako mapema, siku ambayo simu bado ina chaji ya kuwaka.

Kabla hujaondoka na simu iliyowekewa kibodi kipya, ijaribu palepale. Vibodi vya kuiga hupunguziwa vipande, vikachaji ila si kwa haraka, kwa hiyo tazama kama ile alama ya kuchaji haraka inatokea kwa adapta yako mwenyewe. Geuza kichwa cha waya upande wa pili. Ichomeke kwenye kompyuta uone kama inasomeka. Halafu mpigie mtu simu umuulize kama anakusikia vizuri, kwa sababu maikrofoni ya chini mara nyingi iko kwenye kibodi hicho hicho.